Kivuli cha Kwenye Karatasi

Saa sita na nusu mchana chumba kilikuwa bado kimelala. Kuta nyeupe, kitanda kilichotandikwa upya, kiti kimoja cha plastiki, na dirisha la kioo lililoanzia usawa wa magoti likapanda hadi karibu na dari. Mpelelezi ambaye kituoni walimwita Taratibu alikuwa amekalia kiti hicho, kipimajoto kidogo kikiwa juu ya goti lake. Hakuwa na kazi nyingine. Alikuwa analisubiri jua, kama mtu anavyomsubiri mgeni aliyeahidi kuja bila kutaja saa.

"Ishirini na nane," alisema polepole, akaandika kwenye daftari.

Mlangoni alisimama muuguzi, binti wa marehemu, akiwa na sare yake ya kazi. Hakuvuka kizingiti. Tangu Jumanne hakuwa ameingia chumba hicho, na leo ilikuwa Alhamisi.

Jumanne hiyo, saa tano asubuhi, alimnywesha mama yake chai, akamgeuza ubavu, akafungua mapazia, akaenda zamu hospitalini. Aliporudi saa kumi na mbili jioni, mama, ambaye kiharusi kilikuwa kimemnyang'anya mguu, mkono na sauti, alikuwa amekwisha kukata roho. Daktari aliandika: joto. Kaka yake mkubwa naye alikwenda kituoni akaandikisha lake: dada yangu amechoka kuuguza, kamfungulia mama jua kusudi, kisha kaondoka.

Mkuu wa kituo alimpa Taratibu mpaka leo jioni. Jioni ikifika bila maelezo mengine, muuguzi angefunguliwa mashtaka, na kesho mama angezikwa yeye akiwa mahabusu.

"Nieleze tena habari ya pazia," Taratibu alisema.

"Afande, nimeshaeleza mara tatu."

"Mimi mzito wa kuelewa. Nipe ya nne."

Muuguzi alishusha pumzi. "Nilifungua kwa sababu niliambiwa mchana kuna kivuli."

"Uliambiwa na nani?"

"Na mlango."

Taratibu aligeuka. Muuguzi alikuwa amenyoosha kidole kuelekea nyuma ya mlango wa chumba, na nyuma ya mlango hapakuwa na kitu.

"Kulikuwa na karatasi hapo," alisema. "Mwongozo wa mpangaji. Tuliikuta siku tunahamia. Inakueleza kila chumba jua linaingia saa ngapi, ufunge nini, ufungue nini. Niliifuata kama ninavyofuata cheti cha dawa. Sasa haipo, na kaka anasema nimeitunga."

"Mlihamia lini?"

"Jumatatu ya wiki iliyopita."

"Siku nane zote hukuliona jua la mchana humu?"

"Jua gani, afande? Wiki nzima mawingu. Jumanne ndiyo mbingu zilifunguka. Na mchana mimi niko kazini, jirani ndiye anapita kumwangalia mama, naye Jumanne alikuwa msibani kwao." Akalitazama dirisha. "Mama alipenda kuangalia nje. Ndiyo maana nilifurahi ile karatasi iliposema fungua."

Taratibu aliinuka bila haraka, akasogea mlangoni, akainama. Vumbi la jengo jipya, lile jeupe laini linalotua hata mahali usipopadhania, lilikuwa limetanda juu ya mlango kama poda. Katikati yake palikuwa na mstatili safi, upana wa karatasi ya kuandikia barua. Kwenye pembe zake nne aligusa kwa ncha ya kidole. Gundi ilikuwa bado inanata.

"Vumbi halijapata nafasi ya kukaa hapa," alisema. "Imetolewa juzi au jana. Nani mwingine ana ufunguo wa nyumba hii?"

"Msimamizi wa jengo."

Msimamizi wa jengo alisikika kabla hajaonekana, maana alining'iniza kiunoni funguo za nyumba arobaini. Alikuwa mtu mfupi, mcheshi kwa kazi, na alipoingia alianza na pole, akaenda kwenye mapenzi ya Mungu, akamalizia na ubora wa vigae.

"Vigae vizuri," Taratibu alikubali. "Karatasi ya nyuma ya mlango iko wapi?"

"Karatasi gani, afande?"

"Ile uliyoitoa."

Funguo zilinyamaza. Msimamizi alimtazama muuguzi, akautazama mlango, akaitazama mikono yake kana kwamba ndiyo iliyomsaliti.

"Niliambiwa niitoe hii moja tu," alisema. "Mwenye jengo alipiga simu mwenyewe. Alisema ni heshima kwa marehemu."

"Heshima kwa marehemu."

"Ndivyo alivyosema. Mimi ni mtu wa kutumwa, afande. Nikatoa, nikampelekea."

"Na nyumba nyingine bado zinayo?"

"Zote. Hakusema nitoe zote."

Walipanda ngazi hadi nyumba ya juu yake, upande uleule. Aliyefungua alikuwa fundi cherehani, mama mnene mwenye utepe wa kupimia shingoni na pini mbili mdomoni. Cherehani yake ilikuwa jikoni, kati ya jiko na sinki, vitambaa vikiwa vimetundikwa juu ya mabomba.

"Mbona unashonea jikoni, mama?" Taratibu aliuliza.

Fundi alitoa pini mdomoni. "Chumbani? Mwanangu, chumba kile mchana ukiingia na unga unatoka na mkate. Jumanne nilisahau mshumaa juu ya meza, niliukuta umelala kifudifudi kama mlevi."

"Na karatasi ya mlangoni inasemaje?"

"Inasema kuna kivuli." Alicheka, kisha alipomwona muuguzi nyuma ya mpelelezi, kicheko kikamkauka. "Pole, binti yangu. Mimi nilijua ni mimi tu nisiyejua kusoma saa. Karatasi imepigwa muhuri, mimi ni nani nibishane na muhuri?"

Ilikuwepo, nyuma ya mlango, imebandikwa sawasawa. Taratibu aliisoma mara mbili, akiwa amesogeza uso karibu kama anayenusa.

*Chumba cha kulala. Jua huingia asubuhi. Funga mapazia hadi saa nne na nusu. Kuanzia hapo hadi jioni chumba kiko kivulini. Fungua mapazia ili upate mwanga. Kwa mujibu wa tathmini ya joto ya jengo hili.*

Chini palikuwa na muhuri wa bluu na jina la ofisi ya mpima joto, mtaalamu wa kukadiria jengo litapata joto kiasi gani.

Muuguzi alikuwa ameegemea ukuta wa ngazi. Hakulia. Alirudia tu neno moja, "kuanzia hapo, kuanzia hapo", midomo ikisogea kama ya mtu anayehesabu matone ya dawa.

Taratibu aliiomba ile karatasi kwa fundi, akairudisha nyumba ya chini, akakaa tena kwenye kiti cha plastiki. Aliyemwona angedhani anasinzia. Saa saba na nusu uzi wa mwanga ulijitokeza chini ya dirisha, mwembamba, kama maji yanayopenya chini ya mlango. Saa nane ulikuwa umefika kwenye mguu wa kitanda. Ulikuwa unasogea bila kuonekana ukisogea. Ukiutazama umetulia, ukipepesa jicho umekwisha kula kigae kingine. Chembe za vumbi zilielea ndani yake polepole, na kutoka mbali zilisikika sauti za watoto wa shule wakikariri kitu kwa pamoja, nyepesi, kama zinatoka ndotoni mwa mtu mwingine. Dirisha lilifunguka upana wa kiganja tu. Lilitengenezwa hivyo ili mtu asianguke. Upepo haukuingia.

Thelathini na moja. Thelathini na tano. Saa tisa mwanga ulipanda juu ya mto wa kulalia ukatulia hapo, na kipimajoto kilisoma thelathini na tisa. Shati la mpelelezi lilikuwa limegandana na mgongo wake. Alisimama kioo kikimwakia usoni, akaangalia nje. Jua lilikuwa mbele yake. Shule, paa lake jekundu na bendera yake, ilikuwa mkono wake wa kulia, ng'ambo ya barabara mpya.

Aliandika hayo mawili kwenye daftari, jua mbele, shule kulia, akayapigia mstari. Kisha akamwita msimamizi.

"Nyumba ngapi zina vyumba upande huu?"

"Ishirini."

"Nenda ishirini zote, sasa hivi. Waambie wafunge mapazia, wagonjwa na watoto wachanga wahamie vyumba vya upande wa pili. Ukimaliza, ung'oe karatasi zote uniletee kituoni. Zote, si moja."

"Mwenye jengo atasemaje?"

"Mwambie ni heshima kwa walio hai."

Kabla ya kwenda kwa mpima joto alipitia kwenye kibanda cha ujenzi, akachukua mchoro uliotumika kujengea. Mchoro wa kwanza alikuwa nao tangu asubuhi, ameupata kwenye ofisi ya vibali. Akaibeba yote miwili kwapani.

Ofisi ya mpima joto ilikuwa juu ya duka la vifaa vya shule, chumba kimoja, meza moja, kompyuta moja iliyokuwa inanguruma kama paka mzee. Mwenyewe alikuwa mwembamba, miwani yake imefungwa uzi mguu mmoja. Mkuu wa kituo, alipopigiwa simu, alikuwa na dhana yake juu ya mtu huyu: bei aliyomtoza mwenye jengo ilikuwa nusu ya bei ya wenzake, na bei ya nusu, mkuu alisema, ina nusu nyingine inayopitia chini ya meza. Taratibu hakuwa ameikubali dhana hiyo wala kuikataa.

"Kwa nini wewe ni rahisi hivi?" aliuliza.

"Sina ofisi ya vioo, afande. Sina katibu. Sina gari. Nina hii." Alipapasa kompyuta. "Nyumba arobaini huwezi kuzipima zote. Unachagua nane, zile unazodhani zitateseka zaidi. Unazijenga humu ndani, ukuta kwa ukuta, dirisha kwa dirisha, unaweka watu wanaolala na kupika, kisha unalileta jua la mwaka mzima lizipitie. Wenzangu wanatoza kila nyumba kivyake. Mimi natoza siku zangu tu."

"Na hizi nane zilipita?"

"Zilipita vizuri. Vyumba vya kulala viko mashariki. Jua la asubuhi halina hasira."

Taratibu alitandaza mchoro wa kwanza juu ya meza. Kisha akatandaza wa pili pembeni yake, muhuri wa bluu ukiwa pembeni kabisa chini.

"Huu wa pili ni muhuri wako?"

"Wangu."

"Kwenye mchoro huu, shule iko wapi?"

"Juu. Ng'ambo ya barabara mpya."

"Na kaskazini ni wapi?"

Kidole cha mpima joto kilikwenda kwenye kona ulipo mshale wa kaskazini. Kikaufuata mshale. Mshale ulishuka chini, kidole nacho kikashuka chini, mbali na shule, kikasimama.

Kompyuta ilinguruma. Mpima joto alivua miwani, akaivaa tena.

"Shule iko kaskazini," alisema kwa sauti ndogo. "Napita pale kila Jumapili. Shule iko kaskazini."

"Basi mshale unasema uongo."

"Mshale umegeuzwa pamoja na nyumba." Alivuta mchoro wa kwanza. "Tazama. Hapa lango liko kusini, barabara ya zamani. Vyumba mashariki, mshale unatazama juu. Ikaja barabara mpya upande wa shule. Wakataka lango lihamie huko, kwa hiyo wakaligeuza jengo zima, mgongo mbele. Mchoraji kwenye kompyuta anazungushia uzi kila anachotaka kukigeuza. Alizungushia na mshale. Nyumba ikageuka, mshale ukageuka nayo. Ukiuamini mshale, vyumba bado viko mashariki."

"Lakini viko magharibi."

"Viko magharibi. Kioo chote kile." Alifunika mdomo kwa kiganja.

"Na wewe ulipiga muhuri."

"Niliutazama mshale. Sisi ndivyo tulivyo, afande. Kitu cha kwanza tunatafuta mshale. Tukishaupata hatuangalii tena shule iko wapi."

Chini, kengele ya mlango wa duka ililia mtu alipoingia, ikalia tena alipotoka.

"Ulijua wanataka kuligeuza?"

Mpima joto alifungua mtoto wa meza, akatoa barua tatu. "Walinijulisha. Nikawaambia tathmini irudiwe. Hii ndiyo bei niliyompa mwenye jengo. Akasema ghali. Nikashusha. Akasema ghali. Nikashusha tena, hii hapa. Akaniambia, jengo halijaongezwa hata tofali, limegeuka tu, nilipe nini? Kwa hela hiyo naweka milango miwili ya mbao ngumu langoni. Mnunuzi anaona mlango, haoni tathmini."

"Milango nimeiona. Mizuri. Kisha?"

"Kisha kimya, wiki mbili. Halafu ukaja mchoro huu, na ombi la muhuri. Mshale ukaniambia vyumba viko mashariki. Nikasema, kumbe wameghairi. Nikapiga muhuri bure, nikaona haya kumtoza mtu kwa kuangalia mshale."

"Ukiligeuza sasa hivi humo ndani, itachukua muda gani?"

Mpima joto alivuta kiti, akafungua faili, akabadilisha tarakimu moja. Kwenye kioo jengo dogo la rangi ya kijivu lilizunguka polepole, kama mtu anayejigeuza usingizini, na jua dogo la njano likaanza kulipita, siku baada ya siku. Chumba cha nyumba ya muuguzi kilianza kijani, kikawa cha njano, kikawa chekundu.

"Siku isiyo na mawingu, pazia wazi," mpima joto alisema, "arobaini na moja. Saa kumi jioni."

Taratibu alifungua daftari lake. Thelathini na tisa, saa tisa.

"Kuligeuza kumechukua dakika kumi na moja," alisema.

"Kwa nyumba moja. Nane na ripoti yake ni siku nne." Mpima joto alikuwa bado anakitazama kile chumba chekundu. "Lakini si siku zangu nne alizoziogopa, afande. Aliogopa nitakachosema. Ningesema magharibi, angelazimika kuweka vizuizi vya jua kwenye madirisha ishirini. Hiyo siyo milango miwili tena. Hiyo ni faida ya nyumba nzima."

"Ile nyumba aliyofia mama kwa joto, mwenye jengo aliagiza karatasi yake itolewe, hiyo moja tu. Anajua kwamba mshale una kasoro?"

"Kama alijua kabla, sijui. Ila mtu aliyeagiza karatasi moja itolewe baada ya msiba..." Akaiacha sentensi ikining'inia.

"Nami nimefika hapohapo," Taratibu alisema, akizikunja barua. "Utakuja kuandika maelezo?"

"Nitakuja. Na langu nitaliandika, nisijifiche nyuma ya mshale."

Kituoni, saa kumi na mbili kasoro, muuguzi alikuwa kwenye benchi la ukumbini. Kaka yake alikuwa amesimama upande wa pili, fundi magari mwenye mabega mapana na mafuta yasiyotoka chini ya kucha, akitazama popote isipokuwa benchi. Mkuu wa kituo, mama mwenye miwani ya kamba na kalamu tayari mkononi, aliwaingiza wote ofisini.

"Taratibu, wewe ukiambiwa nyumba inaungua utauliza imeanzia chumba gani," mkuu alisema. "Haya. Niandike au nisiandike?"

Taratibu aliweka mezani karatasi ya fundi cherehani, michoro miwili, barua tatu na daftari. Alieleza kwa mpangilio, bila kupandisha sauti, kitu kimoja baada ya kingine, hadi arobaini na moja. Mkuu alisoma mwongozo, akausogeza upande wa yule kaka. Kaka hakuugusa.

"Karatasi zinaandikwa, afande," alisema. "Dada yangu amesoma. Anajua kuongea na watu wa karatasi."

"Hii imetoka nyumba ya jirani. Zilikuwa ishirini. Msimamizi yuko njiani na zilizobaki."

"Mtu mwenye akili timamu anajua jua likoje."

"Wiki nzima lilikuwa nyuma ya mawingu, naye mchana alikuwa kazini. Alichokuwa nacho ni hiki." Taratibu akauliza polepole, "Nyumba ile nani aliichagua?"

Mahali fulani nje injini ya gari ilikataa kuwaka, ikajaribu tena, ikakataa, na yule fundi magari, kwa mara ya kwanza, hakugeuza kichwa kuisikiliza.

"Mimi," alisema. "Walinionyesha cheti. Jengo limepimwa joto. Nikasema mama ameiva chini ya mabati miaka yote ile, sasa apumzike kwenye ubaridi. Nikaongeza fedha kwa ajili ya kile cheti. Zingine zilikuwa rahisi. Hazikuwa na cheti."

Mkuu aliichukua fomu ya mashtaka, akaipasua mara mbili, akaitumbukiza kapuni. "Sifungui," alisema. "Mpelekee wito mwenye jengo, kesho asubuhi. Aje na karatasi aliyopelekewa. Na mchoraji wake." Akamgeukia muuguzi. "Wewe, binti yangu, uko huru. Pole sana."

Muuguzi alishukuru kwa kichwa tu. Aliinuka, akachukua mkoba wake, akaelekea mlangoni, akimpita kaka yake kwa mbali, kama alivyojifunza kumpita siku hizi mbili.

Kaka alibaki anaitazama sakafu. Alipoongea, aliongea na sakafu.

"Kesho tunatoka na mama saa nne."

Muuguzi alisimama. Aliwatazama mkuu na Taratibu, kuona kama maneno hayo anaambiwa mtu mwingine.

"Usichelewe," kaka akasema.

"Sitachelewa, kaka."